Sifuri ya Lukwele

Stumai Mkude alipofika zahanati ya Lukwele, kule juu ambako Milima ya Uluguru inaanza kugusana na mawingu, mashine aliyotumwa kuipima ilikuwa na mtu.

“Ngoja hapo kwenye benchi,” sauti ya kike ilimwambia kutoka ndani. “Mwalimu kabakiza dakika arobaini.”

Akangoja. Katika miaka kumi na miwili ya kazi hii hakukumbuka kuambiwa angoje. Mpimaji akifika kiwandani milango hufunguliwa yote, viti hufutwa vumbi, na wenye haraka ya kumpendeza humwita mheshimiwa kabla hajataja jina. Tangu Sheria ya Mzunguko ipitishwe, na dampo la mwisho nchini lifukuliwe mpaka udongo mtupu, hakuna kilichouzwa wala kutumika bila alama: si kijiko, si kiatu, si kitanda cha hospitali. Alama hamsini kwenda juu, kitu kinaishi. Chini ya hapo kinakusanywa, kinapelekwa kwenye tanuri la kurejesha, kinayeyushwa, na malighafi yake inakwenda kuzaliwa upya katika kitu bora zaidi. Stumai alikuwa ametoa alama kwa vitu elfu tisa na ushei, na hakuna hata kimoja kilichowahi kumnyima usingizi.

Mlango ulipofunguliwa, aliona mwanamke mfupi wa miaka hamsini na kitu, koti lake jeupe limechafuka grisi mifukoni. Huyo alikuwa Blandina Banzi, muuguzi kwa cheti, fundi kwa kulazimika. Nyuma yake, kitandani, alikaa mzee mmoja aliyejifunika shuka la sufu, anabonyeza pamba kwenye mkono uliotoka kuchomolewa sindano.

“Shikamoo, Mwalimu,” Stumai alisema, kwa kuwa alishasikia anavyoitwa.

“Marahaba, binti. Ndiye wewe uliyekuja kutupima?”

“Hapana, mimi napima mashine tu.”

“Basi umekuja kutupima,” Mwalimu Kunambi alijibu, akatabasamu bila chuki.

Mashine ilisimama kando ya kitanda ikipumua polepole. Ilikuwa ya kusafisha damu, kazi ambayo figo za watu saba wa milima hii zilikuwa zimeacha kuifanya. Kila mmoja alilala pale mara mbili kwa wiki, saa nne kila safari, damu yake ikitoka kwa mrija mmoja na kurudi kwa mwingine. Ubavu mmoja wa mashine ulikuwa mlango wa jokofu. Kioo chake cha mbele kilitoka kwenye pikipiki. Pampu ya damu ilikuwa ya kizazi kimoja, pampu ya maji ya kizazi kingine, na nyaya zilifungwa kwa uzi wa kushonea magunia, kwa mafundo madogo yaliyolingana kama ususi.

“Ina miaka thelathini na mmoja,” Blandina alisema. “Mimi nimekuwa nayo kumi na tisa. Ndani yake kuna mashine kumi na moja zilizokufa.”

Stumai akatoa jicho lake, kifaa kidogo cha mviringo, akalipitisha taratibu kutoka juu hadi chini. Kila kipande cha bidhaa kilichotengenezwa baada ya Sheria kilikuwa na punje ndani yake, ndogo kama chembe ya ulezi, iliyokumbuka madini yake yalichimbwa wapi, yaliyeyushwa mara ngapi, na yalipita mikononi mwa nani. Jicho lilihesabu vipande mia mbili na kumi na vinne. Vyenye punje vilikuwa themanini na kimoja. Vilivyobaki vilikaa kimya.

Namba ikajitokeza kwenye kioo cha jicho. Blandina aliinama kuitazama kabla Stumai hajaifunika.

“Sifuri?” aliuliza. “Si kumi, si tano. Sifuri?”

“Vipande mia moja thelathini na vitatu havina asili, dada Blandina.”

“Lakini vinafanya kazi. Hakuna kilichotupwa hapa kwa miaka kumi na tisa. Mnataka mzunguko gani zaidi ya huu?”

Stumai akaketi ukingoni mwa kitanda. Hili alikuwa amelieleza mara nyingi, ila si mbele ya mtu aliyelalia kitanda hichohicho. “Tunapima mambo matatu. Asili ya kitu, maisha yake, na marejeo yake, yaani ni kiasi gani kitarudi kutumika kikichoka. Maisha ya mashine hii ni makubwa. Marejeo si mabaya. Lakini yale matatu hayajumlishwi, yanazidishwa. Kipande kimoja kikikosa asili, asili ya kitu chote ni sifuri. Na asili ikiwa sifuri, hata mengine yawe kamili, jibu ni sifuri.”

“Nani aliamua yazidishwe?”

Mwalimu Kunambi aliacha kubonyeza pamba. Stumai angeweza kusema ni kamati, na asingekuwa amedanganya sana.

“Mimi,” akasema.

*

Jicho lilikuwa limeshapeleka taarifa Morogoro. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Gari la makusanyo lingepanda mlima Ijumaa. Kilichobaki ni Stumai kulifunga faili kwa muhuri wake, na kuongoza makabidhiano.

Alitoka akasimama penye uzio wa zahanati, ukungu ukipita kwenye matuta ya kabichi. Simu ikalia. Alikuwa Hidaya, binti yake.

“Mama, umefika?”

“Nimefika, mwanangu. Umekula?”

“Nimekula. Bibi kapika ndizi. Mama, umefika?”

“Nimefika, Hidaya.”

Hidaya alikuwa na miaka ishirini na mbili. Alipokuwa na mitatu alikuwa mtoto wa kuimba nyimbo nzima, na Stumai, wakati huo mhasibu mdogo wa kiwanda cha sabuni, alinunua sufuria mpya sokoni ya kumpikia uji. Sufuria ilimeremeta. Ilikuja na karatasi yenye muhuri wa mkaguzi, isemayo kwamba chuma chake ni salama. Mkaguzi yule, ilikuja kujulikana baadaye, hakuwahi hata kuigusa. Alipiga mihuri karatasi mia tano asubuhi moja akaenda zake. Sufuria zilitengenezwa kwa kuyeyusha betri za magari na mabaki ya injini, na kila asubuhi uji wa Hidaya ulichemka pamoja na madini ya risasi. Nyimbo ziliisha kwanza. Kisha majina ya vitu. Hakuwahi kujua kusoma.

Ndiyo maana Stumai alipoingia kwenye kamati ya kanuni, Dodoma, na wakubwa wakapendekeza mambo matatu yajumlishwe, alisimama akasema hapana. Ukijumlisha, mtu atafidia sumu kwa uimara. Atasema sufuria yangu haijulikani ilikotoka, lakini tazama inavyodumu. Zidisheni. Na asili isithibitishwe kwa karatasi wala kwa neno la mtu. Ithibitishwe kwa punje peke yake, maana punje haiwezi kusema uongo. Walipiga kura, akashinda. Katika maisha yake hilo ndilo jambo aliloliona limelipa, japo kidogo, deni la ule uji.

Aliporudi ndani, Mwalimu alikuwa amekwisha kwenda nyumbani na Blandina anafuta kitanda kwa ajili ya mgonjwa wa mchana.

“Mtaletewa mashine mpya,” Stumai alimwambia. “Za kiwandani. Alama zake tisini na nne, hakuna kifaa cha tiba kilichowahi kufika hapo.”

“Nazijua. Huku tunaziita wageni.”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu zinaaga.” Blandina aliendelea kufuta. “Nyachilo, bonde la pili, waliletewa mmoja. Nzuri, kimya, inang’aa. Miezi kumi na minane ilipotimia ikazima yenyewe, ikajifunga, gari likaja likaichukua kwenda kufanywa upya. Nyingine ilifika baada ya siku ishirini na moja. Mjini vitanda vimejaa, barabara imekatwa na mvua. Unajua mtu asiye na figo anakaa siku ngapi?”

Stumai alijua.

“Walikuwa watano,” Blandina alisema. “Mashine mpya ilipofika iliwakuta watatu.”

Stumai alilifungua jicho, akaitafuta rekodi ya Nyachilo. Ilikuwepo. Asili, karibu kamili. Marejeo, karibu kamili. Maisha, karibu kamili vilevile, kwa kuwa kanuni ilihesabu maisha ya malighafi, na malighafi ya wageni ilizaliwa upya kila miezi kumi na minane bila kupotea gramu. Chuma chake hakikuwa kinakufa. Watu ndio waliokuwa wanakufa, na mahali pa kuwaandika hapakuwepo. Alitafuta mpaka mwisho wa ukurasa akihakikisha. Yeye ndiye aliyeupanga ukurasa ule.

*

Asubuhi ya Jumatano alimpigia mkuu wake, Mkurugenzi Ndimbo. Hakuwa mtu mbaya, Ndimbo. Alikuwa mtu aliyechoka kwa wema, anayejua njia zote za kupita pembeni bila kumwumiza mtu.

“Stumai, sikiliza,” alisema baada ya kumsikia mpaka mwisho. “Fundi gani wa nchi hii asiye na kopo la punje? Wanazichomoa kwenye vitu vilivyokufa. Mwambie akuletee. Bandikeni, pima tena, itakuja hamsini na mbili, hamsini na tatu. Funga faili, rudi kwa binti yako.”

“Huo ni uongo, Mkurugenzi.”

“Ni uongo unaookoa watu saba. Unafikiri wewe wa kwanza? Kuna mashine za kuvuta maji, kuna taa za vyumba vya kujifungulia. Kanuni yako ni nzuri, lakini haikuandikwa na mtu anayeishi Lukwele.”

Blandina alikuwa nalo kopo. Lilikuwa la maziwa ya unga, na ndani yake punje mia tatu au nne zilimeta kama mchanga wa mtoni. Alilitoa kabatini bila kuulizwa, akaliweka mezani, akaondoka chumbani. Hakutaka kumshuhudia mwenzake akiamua.

Stumai alichukua punje moja akaiweka kwenye ncha ya kidole. Ilikuwa imetoka kwenye pasi. Ukiibandika kwenye vali ya maji, jicho lingeamini kwamba vali ile ni chuma safi cha pasi. Gundi ilikuwa pale. Watu saba. Kitu kilichomzuia hakikuwa sheria. Alijaribu kujidanganya kwamba ni sheria, ikashindikana. Kilikuwa ile karatasi ya sufuria. Yule mkaguzi naye huenda aliambiwa kuna familia za waunda sufuria zitalala njaa. Huenda naye alikuwa mtu aliyechoka kwa wema.

Mwalimu Kunambi hakuwa na zamu siku hiyo, lakini alikuja na chupa ya chai ya tangawizi. Alikuwa amefundisha jiografia miaka thelathini na tano.

“Huyo mgeni wenu wa kiwandani,” alisema akimimina, “wahenga walisema siku ya tatu mpe jembe. Huyu ukimpa jembe anaondoka nalo.”

Stumai akacheka, mara ya kwanza tangu apande mlima.

“Unatoka wapi, binti?”

“Morogoro mjini, Mwalimu. Ila kwetu ni Matombo.”

Wakanywa chai. Mwalimu alimsimulia mito ya nchi, inakoanzia na inakoishia, kwa sauti ya mtu aliyewahi kuisimulia mara elfu. Katikati ya Ruvu alisita. Mkono wake ulienda kwenye kikombe, ukakigusa, ukakizunguka, kama anayekiuliza kikombe jina lake.

“Unatoka wapi, binti?” akauliza.

“Matombo,” Stumai alijibu taratibu.

Alikuwa ameacha kunywa. Aliutazama ule mkono. Miaka kumi na tisa alikuwa ameutazama mkono wa namna ile, wa Hidaya, ukipapasa kijiko, ukipapasa kiatu, kabla ya neno kuja au kutokuja. Mwalimu alipouliza kwa mara ya tatu, Stumai aliinuka akamfuata Blandina uani.

“Mwalimu anasahau. Ilianza lini?”

“Uzee, mdogo wangu. Ana sabini na minne.”

“Ilianza lini?”

Blandina akafikiri. “Masika yaliyopita. Kabla yake alikuwa ananisahihisha hata tarehe.”

“Na wengine?”

“Mama Msumi analalamika mifupa. Yule wa Ijumaa mchana, mikono inamtetemeka.” Alianza kuelewa kwamba haulizwi bure. “Kwa nini?”

“Masika yaliyopita ulibadilisha nini kwenye mashine?”

*

Walisubiri mgonjwa wa mchana amalize, wakavuta mashine katikati ya chumba, Blandina akaanza kufungua. Alifungua kama mtu anayemvua nguo mgonjwa, akieleza kila anachogusa: hii niliipata kwenye mashine ya hospitali iliyofungwa, hii ya bomba la maabara, hii sikumbuki. Stumai alishika kurunzi ya madini, taa iliyokuja na mkoba wake ambayo hakuwahi kuitumia hata mara moja, kwa kuwa kanuni yake haikuhitaji kumulika chochote. Ukimulika chuma, rangi yake ilikuambia ni nini. Chuma kisichoshika kutu kilirudisha buluu. Shaba, kijani.

Kipande cha thelathini na nane kilikuwa kiungo cha bomba, kipana kama pete ya kidole gumba, mahali ambapo maji yaliyosafishwa yaliingia kukutana na damu. Kilimeremeta. Kilikaa vizuri kuliko vyote vilivyokizunguka. Stumai akakimulika, kikarudisha waridi iliyopauka, na kandokando, palipolehemiwa, njano chafu.

“Hiyo ni nini?” Blandina aliuliza.

“Alumini. Na hapo kwenye lehemu ni risasi.” Alimwonyesha kwa ndani, ambako uso wa chuma ulikuwa umechimbikachimbika kama jino bovu. “Maji yamekuwa yakiila kidogo kidogo. Inaingia kwenye damu, na wao hawana figo za kuitoa. Inakwenda kwenye mifupa. Inakwenda kichwani.”

Blandina alikaa chini sakafuni pale alipokuwa, miguu mbele, kama mtoto. “Kilitoka kwenye pampu ya kumwagilia,” alisema. “Iliyokufa shambani kwa Mloka. Nilikichonga kwa siku mbili ili kikae. Nilijisifu.” Akaziangalia kucha zake. “Nimewanywesha sumu kwa mkono wangu mwenyewe. Mwalimu amenifundisha mimi darasa la tano.”

Stumai hakumwambia si kosa lako. Naye alikuwa ameambiwa hivyo na watu wengi, na hapakuwa na mmoja aliyemsaidia. Aliketi kando yake sakafuni.

“Mimi nilimnunulia mwanangu sufuria,” alisema, na akamsimulia yote.

Nje mtu alipita akiswaga mbuzi. Ndipo jambo moja lilipomwingia Stumai taratibu. Kama jana angefunga faili kwa sifuri, kiungo hiki kingeyeyushwa na kusahaulika, na hakuna ambaye angejua kinachomsahaulisha Mwalimu. Kama leo asubuhi angebandika punje ya pasi, kingeendelea kukaa pale na muhuri juu yake, hadi Mwalimu asahau jinsi ya kumeza. Sifuri ya kweli na hamsini na mbili ya uongo zilikuwa ndugu: zote mbili zilitolewa na mtu ambaye hakufungua.

“Inuka, dada,” akasema. “Una chuma cha buluu?”

“Bomba la tangi la maziwa la parokia. Lilipasuka mwaka juzi, Padri akaniachia.”

“Lete. Kesho saa mbili kuna mtu anakuja kulala hapa.”

*

Gari la makusanyo halikuwa na dereva. Lilipanda mlima Ijumaa saa nne asubuhi, jeupe, lina magurudumu sita, likasimama mbele ya zahanati na kusalimia kwa sauti ya upole ya mwanamke wa redio. Wagonjwa watano kati ya saba walikuwa wamekuja, wamejipanga barazani. Hakuna aliyewaita.

“Nimekuja kuchukua kifaa kimoja,” gari lilisema. “Tafadhali, mpimaji athibitishe kwamba kipimo kimefungwa.”

Ndani, Mama Msumi alikuwa kwenye mashine, damu yake ikizunguka. Stumai alisimama mlangoni na jicho mkononi. Kitufe cha kufunga kilikuwa kinawaka chini ya kidole chake. Alishaisoma Sheria usiku na mchana enzi za kuandika kanuni zake, na alijua kifungu ambacho hakuna mpimaji aliyewahi kukihitaji: kifaa kilicho katikati ya kupimwa hakiguswi, ilimradi mpimaji yupo nacho. Siku tisini zikipita, mpimaji mwenyewe anaitwa ajieleze mbele ya kamati.

“Hakijafungwa,” alisema.

“Jicho linaonyesha sifuri tangu Jumanne.”

“Hiyo ni ya jicho. Mimi bado napima.”

“Vipimo vya kawaida huchukua dakika kumi na mbili,” gari lilisema. Halikuwa na kejeli. Lilikuwa halijui kitu kingine. “Unatarajia kumaliza lini?”

“Kuna vipande mia mbili na kumi na vinne. Navifungua kimoja kimoja, saa ambazo hakuna mtu aliyelala. Nimefika hamsini na viwili.”

Gari likatafuta katika akili yake yote jibu la namna ile. Kisha likasema litarudi Ijumaa ijayo, likawatakia afya njema, likageuza.

Barazani hakuna aliyeshangilia. Mwalimu Kunambi alivua kofia yake tu, akaipangusa, akaivaa tena.

Jioni hiyo Ndimbo alipiga simu. “Dodoma wanataka urudishe muhuri wako,” alisema. Sauti yake ilikuwa na huzuni ya kweli. “Stumai, nilikupa njia.”

“Ulinipa, Mkurugenzi. Nakushukuru. Lakini njoo uone kilichokuwa kwenye kile kipande cha thelathini na nane.”

*

Alikaa Lukwele wiki kumi na moja akipima. Mama yake alimpandisha Hidaya wiki ya tatu, wakapanga chumba nyuma ya duka. Kila Ijumaa gari lilikuja, likauliza, likaondoka. Watu wakaanza kulitumia kujua saa. Katika vipande mia moja thelathini na vitatu visivyo na asili, walikuta vinne vibaya, wakavibadilisha. Vile vilivyobaki vilikuwa vizuri, na vingine vizuri kuliko vya kiwandani. Kila kimoja Stumai alikiandikia kwa mkono: kimetoka wapi, nani alikifunga, nani alikifungua, kilirudisha rangi gani.

Wiki ya kumi na moja, kabla siku tisini hazijatimia, kamati ilipanda, watu watatu na Ndimbo, viatu vimejaa matope. Walikaa kwenye benchi lilelile. Mwenyekiti wao, mwanamama mkali kutoka Dodoma, aliisoma ile orodha kwa saa mbili. Kisha akaomba aonyeshwe kiungo. Alikishika muda mrefu.

“Unataka tujumlishe?” aliuliza. “Baada ya kutupigia kelele miaka yote ile tuzidishe?”

“Hapana,” Stumai alisema. “Zidisheni. Nilikuwa sahihi kuhusu sumu. Nilikosea kuhusu watu. Nilidhani neno la mtu haliwezi kuaminika, kwa hiyo nikaliondoa lote. Kipande kisicho na punje kipewe nafasi ya kuwa na mtu: aliyekifungua kweli, mwenye jina, atakayejibu kikileta madhara. Na kwenye maisha, hesabuni siku ambazo kifaa hakipo na mtu anakihitaji.”

“Hiyo ya pili itawashusha wageni.”

“Ndiyo.”

Walibishana mpaka chakula cha mchana na baada yake. Mmoja alisema huku ni kurudisha rushwa kwa mlango wa mbele, na Stumai hakumbishia, kwa kuwa huenda ikawa kweli. Mwishowe walikubali kwa majaribio, kwa vifaa vya tiba tu, mwaka mmoja. Wageni, siku zao ishirini na moja zilipohesabiwa, walishuka kutoka tisini na nne hadi thelathini na saba, na kiwanda kikaagizwa kwamba mpya itangulie kufika kabla ya ya zamani kuaga. Mashine ya Lukwele ilipata hamsini na nane.

“Kuna jambo moja,” mwenyekiti alisema, akiwa ameshasimama. “Jina lako liko kwenye vipande mia moja thelathini na vitatu. Wewe sasa ni shahidi. Shahidi hawezi kuwa hakimu. Unaweza kuondoa jina, tutafute mwingine, ubaki na kazi. Au uliache jina, urudishe muhuri.”

Stumai alimtazama Blandina, ambaye jina lake lilikuwa kwenye vipande hivyohivyo, upande wa pili wa mstari. Akatoa muhuri mkobani. Ulikuwa mzito kuliko alivyoukumbuka. Aliuweka kwenye kiganja cha Ndimbo, na Ndimbo akakifunga kiganja, akamshika bega.

Mwalimu Kunambi hakurudi kuwa yule wa zamani. Mito kadhaa ilirudi, mingine ilipotea moja kwa moja, na zipo siku alimwita Blandina kwa jina la mama yake. Alipoelezwa kisa cha kiungo aliomba aletewe, akakitazama, akasema: “Kumbe kidogo hivi.” Blandina alilia mbele yake. Naye akamwambia, kwa sauti ya darasani, afute machozi aende akaangalie presha ya maji, maana Mama Msumi anasubiri.

Jumatatu iliyofuata, ukungu haujaondoka, Stumai alikuwa barazani ananawa uso alipomwona mwanamke akipanda njia ya kutoka Nyachilo. Alikuwa na kitu kikubwa kichwani, kimefungwa kwa kitenge, na alitembea kwa uangalifu wa mtu aliyebeba maji. Alipofika alisimama, jasho likimtiririka, hakujua amsemeshe nani.

“Ni kisanduku cha joto,” alisema. “Cha vichanga waliozaliwa kabla ya siku zao. Tumekitengeneza wenyewe. Ndiyo hapa wanapofungua vitu?”

Stumai alijipangusa mikono kwenye khanga. Chumbani, Blandina alikuwa tayari anatafuta kurunzi.

“Ndiyo hapa, dada,” alisema, akasogea kumsaidia kukishika upande mmoja. “Kiteremshe polepole.”